Mwali Haulizi

Jumapili, 3 Januari 1954

Zena ameondoka leo na lori la Ruangwa, kurudi shuleni kwao Nachingwea. Alikaa siku tisa tu. Nilipokunja mkeka wake nimekuta daftari hili, nusu limejaa mwandiko wake, nusu jeupe. Karatasi nyeupe haitupwi, nitaandika mimi. Tena mtu asione ajabu. Nilisoma miaka miwili shule ya kichakani ya misheni, nikawa wa pili katika watoto kumi na mmoja, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo yule tusimhesabu. Kisha baba akanitoa kwa kuogopa nitabatizwa.

Basi ijulikane mwenye daftari ni Rabia binti Bashiri wa Nkowe, mama yake Zena binti Amri anayesomea unesi katika hospitali ya misheni. Kutoka hapa mpaka Chinongwe hakuna msichana mwingine aliyefika huko. Mume wangu Amri alifariki mwaka juzi, na mtoto Mungu alitupa huyo mmoja, lakini mmoja kama huyu ni sawa na saba wa wengine.

Kurasa zake nimezisoma zote. Kaandika mifupa ya mkono kwa namba, toka bega mpaka ncha za vidole. Akimaliza, anaanza upya. Nimehesabu, mara kumi na saba, orodha ile ile, herufi zimepangana kama punje kwenye gunzi. Nani katika hawa wanaojiita wasomi ameandika kitu mara kumi na saba? Na kuna jambo jingine. Namba tano haina jina. Mara zote kumi na saba ni namba tano, kisha mstari mtupu. Kumbe Mungu kaacha mfupa mmoja bila jina! Haya ndiyo mambo anayoyajua mwanangu.

Jumatatu, 4 Januari

Mvua kutwa. Nimesonga ugali wa watu wawili kwa mazoea.

Alhamisi, 7 Januari

Lori la barua hufika Alhamisi, na barua zetu huachwa dukani kwa Abdalah. Leo limefika, yangu hakuna. Siku nne tu, ni mapema.

Kisimani nimewaeleza wanawake habari ya mfupa usio na jina. Jirani yangu Fatu alishika mkono wake mwenyewe akawa anaubonyeza kuutafuta. Mwantumu naye alikuwapo. Alicheka kwa pua.

Huyu Mwantumu ndiye kungwi wetu. Ndiye aliyemfunda Zena unyagoni, ni somo yake. Lakini mimi naye hatusemezani tangu mwaka juzi, alipokuja kumposa Zena kwa ajili ya mpwa wake Mbaruku. Nilimjibu kwamba sikumzaa mwanangu aende kumpikia mkulima wa ufuta. Labda ningelisema kwa upole. Lakini nilishasema hivyo, na watu walikuwapo.

Alhamisi, 14 Januari

Barua! Abdalah kaniita tangu niko mbali, “Mama Zena, nesi kaandika!” Watu wote dukani wakageuka. Nilitembea polepole ili wamalize kugeuka.

Anasema hajambo. Kengele yao hulia kabla ya jua. Anasema, “Wenzangu huelewa upesi, mimi nasema na kurudia mpaka ulimi unakauka. Taa ikizimwa naendelea kimoyomoyo.” Hapo nimefurahi. Huyo ni damu yangu.

Nimemjibu palepale juu ya gunia la chumvi. Nimemwambia asome kama alivyoshika nyimbo za unyago, aseme, aseme, mpaka maneno yakae yenyewe. Nimemwambia Nkowe yote inajua kwamba yeye ndiye wa kwanza darasani na kwamba anamshikia daktari mkasi.

Abdalah alikuwa anasoma kwa juu ya bega langu. “Mama Zena, kweli anashika mkasi?”

“Kama hajaushika, ataushika. Tofauti yake nini?”

Jumatano, 20 Januari

Kupalilia mahindi. Mgongo.

Alhamisi, 4 Februari

Barua ya Zena, ukurasa mmoja. Mwisho kaandika, “Mama, tafadhali usiwaambie watu mambo mengi juu yangu.”

Unyenyekevu. Huo kautoa kwangu.

Nimewaambia watu kwamba ni mnyenyekevu pia.

Jumanne, 9 Februari

Nyani wameingia upande wa bondeni. Tangu leo nashinda shambani, nimekaa juu ya kichuguu na debe kuukuu, napiga. Nikinyamaza muda mrefu nasikia masikio yanalia. Leo nimejikuta namwambia nyani mmoja, dume kubwa, kwamba binti yangu atakuwa nesi. Alinitazama kwa heshima kuliko Mwantumu.

Alhamisi, 18 Februari

Hakuna.

Alhamisi, 25 Februari

Barua, nusu ukurasa. Mwandiko umekuwa mdogo. Mimi nimempelekea kurasa nne. Nimemweleza kwamba Fatu akimpeleka mwanawe kulala humwambia, “Uwe kama Zena.” Kwamba jumbe kaniuliza kama atarudi kutufungulia zahanati hapa. Jumbe hakuuliza hivyo hasa, aliuliza habari za nyumbani. Lakini alikuwa na uso wa kuuliza.

Alhamisi, 11 Machi

Mistari mitatu. “Mama, nimepata barua yako. Sijambo. Kazi ni nyingi.”

Abdalah kaniuliza, “Kaandika nini leo?” Nimesimama nimeishika ile karatasi, nikamsomea ukurasa mzima usiokuwapo. Jinsi daktari alivyomsifu, jinsi walivyompa kofia nyeupe. 

Alhamisi, 18 Machi

Hakuna.

Alhamisi, 25 Machi

Lori halikufika. Daraja la magogo limechukuliwa na maji. Nimekaa dukani mpaka adhuhuri hata hivyo, kama vile barua inaweza kuogelea.

Alhamisi, 1 Aprili

Daraja limefungwa upya kwa magogo, lori limekuja. Barua ninayo, jina langu juu ya bahasha, lakini mwandiko si wa Zena. Nikajua kafa. Niliketi chini kwenye matope mbele ya duka, Abdalah akatoka mbio na kiti. Nikaifungua. Hakufa. Naiandika hapa kama ilivyo, ili niisome pole pole, maana nimeisoma mara tatu bado inanikimbia.

“Kwa Mama Zena, shikamoo. Mimi ni Marselina, tunalala kitanda jirani na Zena. Hajui kama nakuandikia, naomba usimwambie kwa ukali. Mama, Zena anasoma kutupita sote. Anasoma bafuni, anasoma akifua, kitabu cha mwili anakijua mpaka nukta. Lakini Sista Goreti anayetufundisha akimwuliza, ‘Umeelewa?’, anainamisha kichwa. Akimwuliza, ‘Hujaelewa wapi?’, anainamisha zaidi. Sista anadhani ni kiburi.

“Mwezi uliopita tulikuwa kwenye wadi ya wagonjwa. Zena alipewa karatasi ya dawa ya mtoto mmoja mwenye homa. Mwandiko ulikuwa mbaya, haukuonyesha kama ni kijiko kimoja au viwili. Mimi ningemwuliza Sista, alikuwa hatua kumi tu. Zena alisimama na chupa mkononi kwa saa nzima. Mtoto hakupata dawa mpaka mama yake alipopiga kelele. Mtoto alipona, Mungu mkubwa, lakini Sista aligombeza sana. Nikamwuliza Zena, kwa nini hukuuliza? Akaniambia, ‘Mwali haulizi.’ Sikumwelewa.

“Tarehe 26 Aprili kuna mtihani, wa kuandika na wa kusema. Sista amesema asiyefungua mdomo atafungasha. Zena anasema atafungasha mwenyewe kabla ya siku hiyo. Chakula anagusa tu. Mama, nisamehe kwa hili la mwisho. Barua zako huzisoma akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayetaka kukimbia. Anasema amewadanganya watu wa kwao wote, na kwamba yule Zena unayemwandikia hamjui.”

Ijumaa, 2 Aprili

Huyo Marselina ana wivu. Ndiyo zao wa kitanda jirani.

Jumamosi, 3 Aprili

Wivu mtupu. Sikwenda kisimani, nimekinga maji ya paa.

Jumatatu, 5 Aprili

Sikutaka kuandika leo. Nilifungua daftari kutafuta ukurasa mweupe, likafunguka kule mbele kwenye maandishi yake. Namba nne, ina jina. Namba sita, ina jina. Namba tano, mstari mtupu.

Mungu hakuacha mfupa bila jina, Rabia. Mwalimu aliandika ubaoni, labda kichwa cha mwenzake kilimziba, labda mwandiko ulimshinda, na mwanangu hakunyoosha mkono kusema, “Sista, namba tano sikuipata.” Akaenda akaandika shimo lile mara kumi na saba, kwa mwandiko mzuri. Nami nikalichukua lile shimo nikalitembeza kisimani kama kitu cha kuonea fahari.

Na hakuwa hivi. Zena alipokuwa mdogo alikuwa anauliza mpaka unatamani kuziba masikio. Kwa nini mbuzi halii machozi, kwa nini baba ana ndevu wewe huna. Mbele ya wakwe zangu aliuliza kwa nini shangazi yake hakai na mumewe. Nikaona aibu. Alipofika umri wa unyago nilimpeleka kwa Mwantumu, nikamwambia kwa kinywa changu, “Huyu anauliza mno. Mfunde anyamaze.”

Basi akafundwa.

Ijumaa, 9 Aprili

Siku nne nimezunguka na jambo hili kama kuku mwenye yai. Neno aliloweka somo huondolewa na somo, hilo kila mwanamke hapa analijua. Mimi mama siwezi kuliondoa, hata nikipiga kelele mpaka Nachingwea wasikie. Maana yake ni Mwantumu.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda kwake. Nimepiga hodi, akaitika “Karibu” kabla hajaona ni nani. Aliponiona akawa anaendelea kubangua karanga.

“Leo mama wa daktari kaja kwa walima ufuta?”

Nikasema, “Nimepita tu kukujulia hali.”

“Hali ni hii. Kaa, au utachafua nguo?”

Nikakaa. Nikachukua karanga, tukabangua wote wawili. Akaongea habari ya mvua, nikaitikia. Akaongea habari ya magoti yake. Kila akinyamaza nilifungua mdomo, na kila nikifungua neno linarudi tumboni. Tulimaliza ungo mzima. Jua likashuka, nikaaga. Mlangoni akaniambia, “Mama Zena, karanga zimekwisha. Kesho sina za kukufichia uso.”

Nimerudi nyumbani. Naandika hili kwa aibu, lakini ni la kweli: mimi pia siwezi kuuliza. Sikumbuki mara ya mwisho kumwomba mtu kitu. Hata Amri alipougua nilimwacha yule mganga wa zahanati ya Ruangwa aondoke bila kumwuliza ni ugonjwa gani. Nilitaka aone mimi ni mwanamke anayejua mambo.

Jumamosi, 10 Aprili

Leo nimekwenda asubuhi kabla sijanywa uji, nisije nikapata nguvu ya kujivuna. Sikukaa. Nilisimama uani nikasema yote, barua, chupa ya dawa, mfupa, yote. Nikasema, “Mwantumu, naomba unisaidie.” Nilisema kwa sauti kubwa mno, mbuzi wake wakasimama.

Hakucheka. Aliweka chini kinu chake cha tumbaku, akaniuliza, “Unakumbuka siku uliyomtoa Zena ndani?”

“Nakumbuka. Jumanne.”

“Kutolewa kulikuwa lini?”

Nikatazama mbuzi.

“Jumamosi,” akasema. “Wanawali wote saba walitolewa Jumamosi. Wa kwako ulikuja kumchukua siku nne kabla, kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa na ulitaka afike wa kwanza na sare mpya. Nikakwambia ngoja. Ukanijibu mwanao keshaelewa yote, hahitaji siku za mwisho kama watoto wa wenzio.”

Ndivyo nilivyomjibu. Nimekumbuka mpaka kanga niliyovaa.

“Mama Zena, mimi sifundishi watoto kunyamaza maisha. Huko ndani mwali haulizi, ni kweli, ili ajifunze kusikiliza. Lakini siku ya kutoka namwosha uso, namfunua kanga, namwambia mdomo wako nakurudishia, uliza. Na swali la kwanza humwuliza mama yake, na mama hujibu kweli tupu. Wenzake sita wote waliuliza. Sofia alimwuliza mama yake kwa nini anampenda kaka yake kuliko yeye, tukalia wote. Wa kwako alikuwa shuleni na sare mpya. Mtoto wako bado yuko ndani. Miaka minne yuko ndani.”

Nilikaa chini sasa, papo hapo kwenye vumbi la pumba. Yeye akaingia nyumbani. Nikadhani kanifukuza. Akatoka na kibuyu, kanga mpya iliyokunjwa na kifurushi cha unga.

“Mtihani tarehe ngapi?” akasema. “Na magoti yangu haya, unadhani tutatembea siku ngapi?”

Jumanne, 13 Aprili. Ruponda

Tulitoka Nkowe jana alfajiri. Ruangwa tumepata lori la mbao, likatufikisha karibu na Ruponda likazama kwenye tope mpaka mhimili. Wanaume wakasukuma, sisi tukatembea. Tumefikia kwa binamu yake Mwantumu. Magoti yake yamevimba, nimemkanda kwa maji ya moto. Kaniambia, “Taratibu, hilo ni goti, si unga wa chapati.” Halafu akaniambia mpwa wake Mbaruku ameoa Nkowe Juu na ni mume mzuri. Nikasema nafurahi. Nimefurahi kweli.

Jumatano, 14 Aprili. Nachingwea

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Tumefika hospitalini baada ya adhuhuri, matope mpaka magotini. Karani wa mlangoni, Augustino jina lake, alisema si siku ya wageni, wiki hii ni ya Pasaka. Mwantumu akaketi juu ya ngazi akasema, “Basi tutasubiri mpaka iwe siku ya wageni.” Karani akaenda kumwita Sista.

Sista Goreti ni Mzungu mrefu, uso mwekundu, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Nilikuwa nimepanga kumwambia mimi ni nani na mwanangu ni nani. Badala yake nikasema, “Sista, nimekuja kwa sababu nilikosea.” Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbata.

“Mama,” akasema, “mimi sijui kama mtoto wako ana akili au hana. Hasemi. Nesi asiyeuliza anaweza kuua mtu.”

“Ndiyo, Sista.”

“Na hii dawa yenu, ni ya muda gani?”

Mwantumu akajibu, “Sista, hata ninyi mkibatiza mnatumia maji, na hayachukui muda.”

Nilidhani tumekwisha. Sista akamtazama, kisha mdomo wake ukapinda upande mmoja. Akatupa ule ukumbi mdogo wa kufulia, nyuma ya wadi, akasema atasimama mlangoni.

Wakamleta Zena. Jamani mwanangu. Sare inamning'inia kama iliyoanikwa. Aliponiona hakukimbia kuja. Alisimama, akatazama miguu yangu yenye matope, kisha akasema, “Shikamoo Mama. Umekuja kunichukua?”

Nikasema, “Sikuja kukuchukua. Nimekuja na somo yako.”

Mwantumu hakupoteza wakati. Alitandika kanga ya zamani chini, akamketisha amenyoosha miguu, akamfunika ile mpya kichwani. Zena akaelewa. Niliona mabega yake yanashuka. Mimi nikaketi chini mbele yake, sakafu ya saruji yenye maji ya sabuni. Mwantumu akaimba taratibu ule wimbo wa mwisho, ambao siwezi kuuandika humu, kisha akamfunua, akamwosha uso kwa maji ya kibuyu, akampaka unga katika paji. Akasema, “Mwali, umetoka. Mdomo wako nakurudishia. Uliza. Aliyekuzaa huyu hapa.”

Zena akatazama viganja vyake. Kwa muda mrefu hivi. Msichana mmoja alikuwa anachungulia dirishani, nikakisia ndiye Marselina kwa jinsi alivyokuwa anauma ukucha kwa hofu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kidevu cha mwanangu, na mimi nilijisemea, basi, tumechelewa.

Kisha akasema, kwa sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyeamka, “Mama, nikishindwa, nirudi kwako?”

Neno nililokuwa nalo mdomoni ni “Hutashindwa.” Lilikuwa limeshapanda, limekaa juu ya ulimi. Nimelisema maisha yangu yote, ni neno zuri, linapendeza mbele za watu. Mwantumu akanitazama. Kweli tupu, ndiyo sharti.

Nikasema, “Urudi. Hata leo. Mlango ni ule ule.”

“Na watu wa kisimani?”

“Nitawaambia mimi.”

“Utawaambia nini?”

“Kwamba nilisema uongo. Mkasi hukuushika. Kofia nilitunga.”

Hapo ndipo alipolia, nami nikalia, na Mwantumu akatugombeza kwamba tunaharibu unga. Zena akajifuta kwa ile kanga mpya. Akageuka akamtazama Sista pale mlangoni, akasita. Nilitaka kumsukuma kwa kiwiko. Sikumsukuma.

“Sista,” akasema. “Mifupa ya mkono. Namba tano ni upi?”

Sista Goreti akavuka maji ya sabuni na viatu vyake vyeupe, akapiga magoti, akaushika mkono wa Zena hapa kwenye kifundo, akabonyeza, akataja jina. Jina lenyewe nimelisahau. Zena alilirudia mara moja tu.

Jumamosi, 17 Aprili

Tumerudi Nkowe. Nimemwacha huko. Ni yeye aliyechagua. Aliniambia, “Nitajaribu, Mama, nikijua njia ya kurudi ipo.” Nyani wamekula theluthi ya mahindi.

Jumatatu, 26 Aprili

Leo ndiyo mtihani. Nimekwenda shambani bila debe, nikarudi kulifuata, nikaenda bila jembe.

Alhamisi, 29 Aprili

Hakuna.

Jumanne, 4 Mei

Mwezi umeandama jana, leo ni siku ya kwanza ya Ramadhani. Ufuta umesimama vizuri.

Alhamisi, 13 Mei

Barua ya Zena. Kurasa tatu. Abdalah aliniletea mwenyewe mpaka kwangu, maana sikwenda dukani, niliogopa.

Mtihani wa kuandika ameshindwa. Kaandika hivyo, neno lenyewe, “nimeshindwa.” Majibu mengi aliyajua kwa moyo, lakini maswali yaligeuzwa, na yeye alikuwa ameshika maneno bila kushika maana. Wa kusema amepita kwa shida. Anasema kule kwenye wadi, mbele ya mtahini mgeni, alisimama kwenye kitanda cha mgonjwa akauliza maswali sita kabla hajagusa chupa. Mtahini akataka kumkatiza, Sista akasema, “Mwache aulize.” Hatafukuzwa. Atarudia muhula wote mwanzo, pamoja na wageni watakaoingia Julai, na Marselina atakuwa mbele yake.

Mwisho wa barua kuna maneno ambayo sitayaandika leo.

Ijumaa, 14 Mei

Kisimani nimewaambia. Nilitua ndoo kwanza, nisije nikaitumia kama kisingizio cha kuondoka. Nikasema Zena ameshindwa mtihani wa kuandika, anarudia, na ile habari ya mkasi na kofia ilikuwa ya uongo, ni yangu, si yake.

Mmoja kule nyuma akaguna kwa furaha, nikamsikia, nikamwacha, alikuwa na haki yake.

Fatu akauliza, “Kurudia ndiyo kufukuzwa?”

“Hapana. Ni kupalilia mara ya pili shamba lile lile.”

“Kwani nani hapalilii mara ya pili?” akasema Mwantumu, akatupa kamba yake kisimani. Nilitaka kuongeza kwamba hata hivyo Zena ndiye mwali wa kwanza kutolewa ndani ya hospitali. Nikalimeza neno hilo.

Kisha Fatu akanifuata njiani. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, “Mama Zena, ukimwandikia, mwulizie. Mwanangu masikio yanatoa usaha tangu masika, nami naogopa kuulizia.” Nikamwambia nitamwulizia.

Jumapili, 16 Mei

Sasa nayaandika yale maneno. Zena kasema, “Mama, nina swali kwako pia. Barua zako zote ni habari zangu. Sijui habari zako. Wewe hujambo?”

Siku tatu swali hili liko ndani ya nyumba nami. Watu huniuliza hujambo kila siku, nami husema sijambo, lakini hiyo ni salamu, haingii ndani. Huyu kauliza. Nimeharibu karatasi mbili. Ya kwanza niliandika kwamba ufuta wangu ni mrefu kuliko wa watu wote wa Nkowe. Ni kweli, lakini si alichouliza.

Ya tatu naipeleka kwa Abdalah kesho. Nimeandika hivi:

“Mwanangu Zena, salamu. Kwanza, mtoto wa Fatu masikio yanatoa usaha, tueleze afanyeje. Pili, umeniuliza, basi nakujibu. Mwili sijambo. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa. Wakati wa kufuturu nala haraka haraka, nimalize kabla sijaanza kusikia vicheko vya nyumba za wenzangu. Mchana naongea na nyani. Nilikusifu sana kwa watu kwa sababu nikikutaja wanasimama kunisikiliza, nisipokutaja wanapita. Hilo halikuwa kosa lako, wala si mzigo wako. Soma, uliza, pita au usipite. Ukipata likizo, njoo. Sitakupeleka kisimani wala dukani, sitakuonyesha kwa mtu. Njoo tukae tu.”